Upanga mkononi, shamba rehani

Novemba 2024, Donald Trump alipomtaja Pete Hegseth kuwa chaguo lake la waziri wa ulinzi wa Marekani, wengi walikitazama kifua cha mteule huyo kuliko wasifu wake wa kazi. Kifuani amechorwa msalaba wa Yerusalemu, ule mkubwa unaozungukwa na misalaba minne midogo. Mkononi yapo maneno ya Kilatini, Deus vult, yaani Mungu ataka, ukelele unaohusishwa na Vita vya Msalaba, vile vya Wakristo wa Ulaya kwenda kuipigania Yerusalemu, tangu mwanzo wake. Tangu hapo, kila picha hizo zinapoibuka mitandaoni, pande mbili hushikana mashati. Upande mmoja humwona mwanamsalaba wa zamani kuwa shujaa aliyeacha yote ailinde imani. Upande wa pili humwona mnyang'anyi fukara, kitinda mimba asiye na urithi, aliyekwenda Mashariki kusaka ardhi na kuifunika tamaa yake kwa kitambaa chenye msalaba.

Pande zote mbili zimekosea mahali pamoja, nako ni kwenye daftari la hesabu. Askari farasi wa Kifaransa aliyekwenda vitani kwa kiapo cha msalaba, hasa yule ambaye hati zake zimetufikia, hakwenda kutafuta shamba. Shamba alikuwa nalo, na alilitia rehani apate nauli. Akirudi, kama alirudi, alikuta deni linamsubiri mlangoni. Jambo hili halimsafishi hata chembe, na nitaeleza kwa nini naona linamchafua zaidi. Ila mtu asiyejua safari ililipiwa na nani hawezi kujua iliwaumiza akina nani, na walioumia walikuwa ng'ambo zote mbili za bahari.

Nianze na hoja iliyo dhaifu kuliko zote, ingawa ndiyo inayorudiwa sana madarasani: ile ya vitinda mimba. Inasema hivi: katika Ulaya ya wakati ule ardhi ilikwenda kwa mtoto wa kwanza, wadogo zake wakabaki na upanga na njaa, na Papa Urban wa 2 alipohubiri vita hivyo mjini Clermont, Ufaransa, mwaka 1095 aliwaonyesha pa kwenda. Ni maelezo matamu kwa sababu yanafungua kila kufuli kwa ufunguo mmoja. Lakini angalia nani hasa walikwenda. Robert wa Normandy alikuwa mtoto wa kwanza na mtawala wa jimbo zima. Mwaka 1096 aliliweka jimbo hilo rehani kwa mdogo wake, mfalme William wa Uingereza, kwa marki 10,000 za fedha. Godfrey wa Bouillon aliitoa ngome yake kwa askofu wa Liège kwa marki 1,300. Chini yao kidogo yupo Achard wa Montmerle, ambaye Aprili 1096 aliwakabidhi watawa wa Cluny ardhi yake akapewa sou 2,000, sarafu za Lyon, na nyumbu 4, kwa sharti kwamba akifa safarini au akiamua kubaki huko, ardhi ni ya monasteri. Achard aliuawa karibu na Jaffa Juni 1099, wiki chache kabla Yerusalemu haijatekwa. Watawa wakabaki na shamba.

Kisha tazama kilichotokea baada ya ushindi. Yerusalemu ilianguka tarehe 15 Julai 1099, na wengi wa walionusurika wakafunga mizigo kurudi kwao. Fulcher wa Chartres, padri aliyekuwa huko, aliandika kwamba nchi ilibaki na askari farasi wapatao 300 tu. Mtu aliyevuka bara zima akitafuta ardhi haondoki siku anapoipata. Kweli wapo waliokwenda bila urithi mkubwa wakawa watawala: Baldwin, mdogo wake Godfrey, aliyejitwalia Edessa na baadaye taji la Yerusalemu, Bohemond, aliyeing'ang'ania Antiokia, na miaka 50 baadaye Raynald wa Châtillon, aliyeupata utawala wa Antiokia kwa kumwoa mjane. Hawa ndio wanaokumbukwa, na sababu ni rahisi. Waliobaki huko walitengeneza historia ya huko. Waliorudi walipotelea katika hati za madeni za monasteri za Ufaransa, na hati za madeni hazina mashabiki.

Rehani yenyewe inafaa kueleweka, maana ndiyo moyo wa jambo hili. Wafaransa walikuwa na rehani za aina mbili, waliyoiita hai na waliyoiita mfu. Tuseme kabaila amekopa livre 50, fedha ya Ufaransa ya wakati ule, kwa shamba linaloingiza livre 10 kwa mwaka. Katika rehani hai, mkopeshaji huvuna na kila mavuno hupunguza deni, hivyo baada ya miaka 5 shamba linarudi kwa mwenyewe. Katika rehani mfu, mkopeshaji huvuna vilevile, lakini mavuno ni yake tu, na baada ya miaka 5 deni ni livre 50 zilezile. Papa Alexander wa 3, kwenye mtaguso, yaani mkutano wa maaskofu, wa Tours mwaka 1163, aliihesabu ya pili kuwa riba na kuwakataza mapadri na watawa kuishika. Kukatazwa na kukoma ni mambo mawili. Na hata pale masharti yalipokuwa mepesi, ardhi ya rehani ina ugonjwa wake: anayeishika anajua ataiachia. Hana sababu ya kukarabati kinu cha maji wala kupanda miti mahali pa iliyokatwa, na ana kila sababu ya kulilima hata fungu linalopaswa kupumzishwa. Kilimo cha kaskazini mwa Ufaransa kiligawa shamba mafungu matatu: ngano ya majira ya baridi, shayiri au oti ya majira ya kuchipua, na fungu la tatu lililazwa. Mbegu moja ilirudisha 3 hadi 5, na moja kati ya hizo ni mbegu ya mwaka unaofuata. Uchumi wa namna hiyo hauvumilii mwenye mali kutoonekana kwa miaka 6.

Kwa nini basi fedha nyingi hivyo? Kwa sababu askari farasi mmoja hakuwa mtu mmoja. Alihitaji farasi wa vita, ambaye hapandwi njiani ili asichoke, farasi wa kusafiria, na wanyama wa mizigo. Alihitaji wapambe wa kumvalisha na kumshikia farasi wa akiba, na mtu wa zizi. Deraya ya pete za chuma ilikuwa na uzito wa kilo 10 hadi 15, na hewa ya bahari huila kwa kutu. Iliviringishwa ndani ya pipa lenye mchanga ili isuguke. Farasi mkubwa hunywa lita 30 na zaidi kwa siku, na lita hizo kwenye meli ni mapipa yaliyolipiwa.

Hapa ndipo Jean de Joinville anatufaa kuliko mwingine yeyote, kwa kuwa aliandika bei. Alizaliwa karibu na mwaka 1225, akarithi ngome ya Joinville juu ya mto Marne pamoja na cheo cha seneshali wa Champagne, yaani mkuu wa nyumba ya mtawala wa jimbo hilo. Babu yake alifia Akka, mji wa bandari wa pwani ya Palestina, katika vita hivihivi. Baba yake alipigana Misri. Mwaka 1248, akiwa kijana wa miaka 23 hivi mwenye watoto wawili, aliamua kumfuata Mfalme Louis wa 9 wa Ufaransa. Wiki ya Pasaka aliwakusanya makabaila wadogo waliomwapia utii, wakala na kunywa siku kadhaa kwa sababu mtoto wake alikuwa amezaliwa mkesha wa sikukuu. Ijumaa akawaambia kwamba anakwenda ng'ambo na hajui kama atarudi, hivyo yeyote aliyemdhulumu ajitokeze alipwe. Kisha akatoka nje, wasije wakaona haya kuamua mbele yake, na walichoamua akakitekeleza bila ubishi. Baadaye akaenda Metz akaweka rehani sehemu kubwa ya ardhi yake. Anatuambia kwamba siku anaondoka mapato ya ardhi yake hayakufika livre 1,000 kwa mwaka, kwa sababu mama yake alikuwa hai na alishika fungu lake la ujane. Kwa mapato hayo alichukua askari farasi 9, yeye wa 10, na kati ya hao 10 watatu, yeye akiwamo, walikuwa wenye bendera zao, maana yake walikuwa na watu nyuma yao.

Silaha zilikwenda kwa mikokoteni hadi Auxonne, zikashuka kwa mashua mito ya Saône na Rhône, na farasi wa vita wakaongozwa kwa miguu kandokando ya maji. Meli alikodi kwa ubia na kabaila mwenzake, naye akiwa na watu 10, ili kugawana gharama. Marseille, Agosti 1248, mlango ulifunguliwa ubavuni mwa meli, farasi wakaingizwa, kisha ukazibwa nyufa zote kama pipa linavyozibwa, kwa kuwa meli ikiwa baharini mlango huo uko chini ya maji. Mzibaji mzembe mmoja angetosha kuwazamisha wote. Alipofika Kupro na kumaliza kulipia meli, seneshali wa Champagne alikuwa amebakiwa na livre 240. Baadhi ya askari wake wakamwambia wazi kwamba asipopata fedha watamwacha. Mfalme akamwita Nicosia, akamwajiri na kumpa livre 800. Kabla hajaona adui hata mmoja, mwenye ngome alikuwa amegeuka mtu wa mshahara.

Yaliyofuata Misri yanajulikana: kutua Damietta Juni 1249, kisha maafa ya Mansura tarehe 8 Februari 1250, ambako Robert wa Artois, mdogo wake mfalme, aliingia mjini kwa pupa na hakutoka. Joinville alilinda daraja akitumia vazi nene alilolikuta kwa adui, akalishika kama ngao, akatoka na majeraha 5 ya mishale, na farasi wake majeraha 15. Lakini kilichoiua kambi ile ni njia ya chakula kukatwa kwenye mto. Kiseyeye kiliwashika hadi vinyozi wakawa wanakata nyama iliyokufa kwenye fizi ili watu waweze kutafuna. Bei alizoziandika ni hizi: ng'ombe livre 80, kondoo 30, nguruwe 30, yai moja denier 12. Livre 1 ni sou 20, na kila sou ni denier 12. Mapato ya ardhi yake yote kwa mwaka mzima yasingenunua ng'ombe 13. Aprili walitekwa, mfalme pamoja nao. Fidia ilifikia livre 400,000, nusu ilipwe kabla ya kuondoka, na dhahabu na fedha zikapimwa kwenye mizani Jumamosi na Jumapili. Zilipopungua livre 30,000, ni Joinville aliyepanda kwenye meli ya Watempla, shirika la watawa askari waliotunza amana, akainua shoka mbele ya sanduku la amana za watu, hadi marshali wa shirika, yaani mkuu wa askari wake, akaona heri kutoa ufunguo.

Akka, alikobaki na mfalme hadi 1254, anatupa bajeti kamili. Mfalme alimuuliza anahitaji kiasi gani hadi Pasaka, yaani theluthi mbili za mwaka. Akajibu livre 2,000: wenye bendera 3 kwa 400 kila mmoja, na 800 za farasi, silaha na chakula cha wenzake. Malipo ya hao watatu peke yao yalizidi mapato ya mwaka mzima ya shamba aliloliacha. Ukisoma alivyoendesha nyumba yake huko, unamwona msimamizi wa ghala kuliko shujaa. Alinunua nguruwe, kondoo, unga na divai mwanzoni mwa Oktoba, kabla bahari haijachafuka na bei kupanda. Alijaza mapipa 100 ya divai, bora ikanywewa kwanza. Ya watumishi ilichanganywa maji, ya wapambe maji kidogo, na askari farasi wakaletewa chupa mbili, ya divai na ya maji, kila mtu ajichanganyie. Mshahara wake wa kwanza wa livre 400 alibakisha 40 mkononi na 360 akaziweka amana kwa Watempla. Alipotuma mtu kuchukua 40 nyingine, msimamizi alisema hamjui na fedha zake hazijui. Ilichukua siku kadhaa na kelele nyingi kuzipata. Hiyo ndiyo iliyokuwa benki ya kuaminika kuliko zote.

Anayemtetea mwanamsalaba atasema sasa: basi, umethibitisha, hawa walijitoa mali yao, hawakuwa wanyang'anyi. Hoja hii ina uzito kuliko ya vitinda mimba na haifai kupuuzwa. Imani yao ilikuwa ya kweli. Joinville aliondoka ngomeni peku, na asema hakuthubutu kugeuka nyuma moyo usije ukalegea kwa ajili ya ngome na wanawe wawili. Lakini hasara si cheti cha utakatifu. Waliowachinja Wayahudi wa Worms na Mainz mwaka 1096, na wakazi wa Yerusalemu mwaka 1099, wengi wao nao walikuwa wamejigharimia. Naona hapo ndipo penye doa kubwa kuliko lile la tamaa. Mwenye tamaa hupiga hesabu, na hesabu ikikataa huacha. Aliyeweka rehani shamba la babu yake kwa ajili ya kiapo hana hesabu ya kumrudisha nyuma. Kila hasara kwake ni uthibitisho kwamba alikuwa sahihi kuanza. Ndivyo baba wa Joinville alivyokwenda Misri, vita vikashindwa, na mwana akaenda Misri hiyohiyo.

Na hasara ya mmoja ni mapato ya mwingine. Wenye meli wa Genoa na Marseille walilipwa, vita vishinde visishinde. Cluny ilipata shamba la Achard. Marki 10,000 alizopewa Robert zilikamuliwa kutoka kwa Waingereza kwa kodi ambayo makanisa yaliyeyusha vyombo vya altare kuilipa. Hata gharama za vita vya Louis, sehemu kubwa ilitokana na kodi ya mapato ya Kanisa, na mapato ya Kanisa yalitoka kwa mkulima aliyeleta mganda wa kumi. Anayesema mwanamsalaba alijilipia mwenyewe anasahau kwamba ardhi haizalishi fedha bila mikono, na mikono ile haikula kiapo chochote.

Joinville mwenyewe alilifikia jambo hili, ingawa kwa kuchelewa. Kule Akka mwaka 1250, wakubwa karibu wote walimshauri mfalme arudi Ufaransa. Yeye akapinga, kwa sababu alikumbuka neno la binamu yake, bwana wa Bourlémont, alilomwambia kabla ya safari: hakuna askari farasi, tajiri au maskini, awezaye kurudi bila aibu akiwaacha mikononi mwa adui watu wadogo wa Mungu aliokwenda nao. Mfungwa wa kawaida hakuwa na wa kumkomboa kama mfalme angeondoka. Alipofika kwake mwaka 1254 alikuta watu wadogo wengine wamesagwa. Maofisa wa mfalme wa Ufaransa, na wa mfalme wa Navarra ambaye ndiye aliyekuwa mtawala wa Champagne, walikuwa wamewakamua watu wake hadi wakafukarika, kwa kuwa bwana wao hakuwapo kuwatetea.

Louis alipovaa tena msalaba Machi 1267, wafalme wote wawili walimbembeleza Joinville aende nao. Alikataa. Hakudai uzee wala ugonjwa. Alisema kwamba akitaka kutenda jambo la kumpendeza Mungu atabaki kuwasaidia na kuwalinda watu wake, na kwamba kuihatarisha nafsi yake safarini huku akiona wazi ni kwa madhara yao kungemkasirisha Mungu. Ni kanuni ileile ya Bourlémont, imegeuzwa tu upande wa bahari. Unaweza kusema ni mzee anayejipamba, maana kumbukumbu zake zilikamilika mwaka 1309, akiwa na miaka 80 na ushei. Lakini hapa alikuwa anaeleza jinsi alivyomnyima utii mfalme ambaye Kanisa lilikwisha kumtangaza mtakatifu mwaka 1297, na alikuwa anamweleza kitukuu wa mfalme huyo. Kwa kujipamba, angechagua kisa kingine.

Aliongeza kwamba waliomshauri Louis aende walitenda dhambi ya mauti. Mfalme alikuwa dhaifu kiasi cha kutoweza kukaa juu ya farasi. Siku waliyoagana, Joinville alimbeba mikononi hadi nyumba ya watawa Wafransisko. Louis alifia Tunis tarehe 25 Agosti 1270, na mfalme wa Navarra akafia Trapani Desemba ya mwaka huohuo. Joinville aliishi kandokando ya Marne hadi Desemba 1317. Usiku mmoja aliota mfalme amekuja kumtembelea ngomeni mwake, akiwa na furaha, na hana haraka ya kuondoka. Alipoamka aliamua kumjengea altare katika kanisa la ngome, mfalme yuleyule aliyemkatalia, akaiwekea na wakfu wa mapato ya kila mwaka, usio na mwisho.